Karati moja iliyopooza au 0.90 inayowaka? Jibu kwa anayetafuta pete na hereni

Swali: Mtaalamu, naomba msaada wako. Mimi na mchumba wangu tunatafuta pete ya uchumba na jozi moja ya hereni, na fedha zetu ni za kuhesabu. Sonara wa kwanza ametuonyesha almasi ya duara ya karati moja kamili, ina cheti, lakini kila nikiitazama naona kama imepooza. Wa pili ana ya karati 0.90, inawaka kama taa, na bei yake iko chini. Wa tatu anasema tuachane na almasi kabisa, tuchukue moisanaiti au tanzanaiti. Tuchukue ipi, na tutajuaje kwamba hatuuziwi chupa?

Jibu: Ndugu yangu, jicho lako liko sawa, usiruhusu mtu alitie shaka. Almasi iliyopooza dukani, chini ya taa zile kali zote, nyumbani itapooza zaidi. Mchukulieni sonara wa pili kwa uzito. Lakini kabla ya kulipa, nataka mjue ni kwa nini jiwe dogo linaweza kulishinda kubwa, kwa sababu mkishaelewa hilo hamtahitaji kuniuliza tena mkienda kununua la pili.

Rudini kwa yule wa kwanza mkaombe kusoma vipimo vya jiwe kwa milimita. Vimeandikwa kwenye cheti karibu na juu, namba tatu: mbili za kipenyo, moja ya kimo. Almasi ya duara ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina kipenyo cha karibu milimita 6.4. Ya 0.90 iliyokatwa vizuri inafika karibu 6.2. Tofauti ya upana kati yake ni kama unene wa karatasi mbili za kuandikia. Sasa, ikiwa hiyo ya karati moja nayo inapima 6.2, siri imefichuka: ukiitazama kwa juu ni sawasawa na ya 0.90, na uzito uliobaki umejificha chini kwenye kitako, ndani ya chuma cha pete, mahali ambapo hakuna atakayeuona. Uzito huo mnaulipia, na ndio huohuo unaoua mwanga.

Kwa nini mtu akate jiwe hivyo? Kwa sababu bei ya almasi haipandi taratibu kama ngazi za mlima, inaruka. Jiwe likigusa 0.50, 1.00, 1.50 au 2.00, bei ya kila karati hupanda ghafla. Mkataji aliye na jiwe ghafi linaloweza kutoa 0.92 iliyokatwa vizuri, au 1.00 yenye kitako kinene, anajua wanunuzi wengi wanauliza namba kabla ya kuangalia. Karati moja, nikumbushe, ni gramu 0.2 tu. Hiyo tofauti ya karati 0.10 kati ya mawe yenu mawili ni gramu 0.02.

Sasa kuhusu mwanga wenyewe. Almasi hupinda mwanga kwa nguvu kubwa. Kipimo chake ni 2.42, wakati cha maji ni 1.33. Mwanga ukiingia kupitia uso mpana wa juu, ule tunaouita meza, hugonga kuta za chini. Pembe za kuta hizo zikiwa sahihi, mwanga hauna mlango wa kutokea huko chini: hurushwa ukuta mmoja hadi wa pili, kisha hupanda na kutoka juu, moja kwa moja kwenye jicho lako. Kitako kikiwa kirefu kupita kiasi, mwanga huvuja na katikati ya jiwe panabaki kiza. Kikiwa kifupi, utaona duara la kijivu chini ya meza, kama jicho la samaki. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika ukoo wa wakataji almasi, alichapisha hesabu za pembe hizo: nyuzi 34.5 kwa sehemu ya juu na 40.75 kwa sehemu ya chini. Wakataji wa leo hawafuati namba zake kama sheria, ila wanazungukazunguka hapohapo. Kwenye cheti cha jiwe la duara tafuteni daraja la ukataji la juu kabisa, linaloandikwa Excellent au Ideal kutegemea maabara, na kimo kisichopita sana asilimia 62 ya kipenyo. Kikifika 65, muulizeni muuzaji anapunguza bei kiasi gani.

Ndiyo maana nawaambia wote wanaoniuliza: fedha yako ya kwanza iweke kwenye ukataji. Mambo mengine, yaani rangi na usafi, na uzito kwa sehemu kubwa, dunia ndiyo iliyoyaamua ilipoliumba jiwe. Ukataji ni kazi ya mkono wa binadamu, na ndio peke yake unaoweza kufanya jiwe la kawaida liishi au jiwe zuri life.

Kipimo kisichohitaji chombo ni hiki. Ombeni kulitoa jiwe chini ya taa za duka, mlisogeze karibu na dirisha, kisha mliweke chini ya meza ya duka au mlikinge kwa kiganja. Litikiseni polepole. Almasi iliyokatwa vyema itaendelea kurusha vimulimuli vyeupe na cheche za rangi hata kwenye kivuli. Iliyopooza itageuka kama tone la maji machafu. Fanyeni hivyo kwa mawe yote mawili kwa pamoja, moja katikati ya vidole vya huyu, jingine vya yule. Najua ni ya masonara wawili tofauti. Ombeni hata mmoja wao awawekee la kwake kando ya jiwe lingine la ukataji wa juu. Macho hayana kumbukumbu nzuri ya mwanga, yanahitaji kulinganisha papo hapo.

Rangi na usafi sitakaa sana hapo, kwa sababu ndipo watu wanapotupa fedha bila faida. Rangi huanzia D, isiyo na rangi kabisa, na kushuka hadi Z yenye umanjano unaoonekana. Pete ikiwa ya dhahabu ya njano, chukueni I, J, hata K. Dhahabu yenyewe itaufunika umanjano huo mdogo. Ikiwa ya dhahabu nyeupe au platinamu, G au H yatosha. Kuhusu usafi, madaraja hupangwa kwa kioo kinachokuza mara 10, na wewe huvai kioo hicho usoni. Jiwe la VS2, na mengi ya SI1, ambayo ni madaraja ya katikati yenye dosari ndogo, halionyeshi dosari kwa macho matupu kwa umbali wa kusoma kitabu. Kitu kimoja tu cha kuangalia: ufa mdogo unaofika ukingoni mwa jiwe. Huo ni udhaifu wa mwili, na siku pete ikigonga kona ya ukuta unaweza kuwa mwanzo wa kumeguka. Watu hushtuka nikiwaambia almasi inavunjika. Hakuna jiwe la asili linaloikwaruza isipokuwa almasi mwenzake, lakini ina pande ambazo ikigongwa hupasuka kama kuni kavu inavyofuata nyuzi zake.

Tena msichanganye karati mbili. Karati ya almasi ni uzito. Karati ya dhahabu ni usafi wa madini: 24 ni dhahabu tupu, 18 ni asilimia 75, 14 ni asilimia 58.5, na 9 ni asilimia 37.5. Ndani ya pete tafuteni mhuri wa 750, 585 au 375. Fedha halisi ya vito hupigwa 925. Nimeona mtu akitamba kwamba amepata "almasi ya karati 18" kwa bei ya kutupa. Alichosoma kilikuwa mhuri wa dhahabu.

Sasa huyo sonara wa tatu. Ana hoja, ila amechanganya vitu viwili visivyofanana.

Moisanaiti ni jiwe linaloheshimika. Henri Moissan, mkemia wa Ufaransa, aliigundua mwaka 1893 katika vipande vya kimondo vilivyotoka kwenye shimo kubwa kule Arizona, Marekani. Inayouzwa kwenye vito leo hutengenezwa maabara. Kwa ugumu, kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, iko 9.25, karibu kabisa na almasi yenye 10, kwa hiyo itavumilia kuvaliwa kila siku kwa miaka mingi. Inatawanya rangi zaidi ya mara mbili ya almasi: ukiwa juani utaona upinde wa mvua unarukaruka. Wengine wanaupenda, wengine wanaona umezidi; mchumba wako aitazame mwenyewe kabla hujaamua. Inunueni kwa milimita, kwa sababu ni nyepesi kuliko almasi na karati zake hazilingani na zile mlizozizoea.

Zirkonia, ambayo wengi huiita almasi ya bandia, ni jambo jingine. Ikiwa mpya inapendeza sana. Lakini ingawa ugumu wake ni 8 na kidogo, kingo zake hulika. Nikichukua pete ya zirkonia iliyovaliwa miaka miwili na kuiweka chini ya kioo, naona kile ambacho mvaaji anakihisi bila kukitaja: mistari inayokutanisha nyuso za jiwe, ambayo kwenye almasi ni mikali kama ukingo wa wembe, imekuwa butu kama sabuni iliyokwisha tumika. Kwenye hereni, ambako hakuna kinachogonga, zirkonia haina ubaya wowote.

Kuna na chaguo ambalo hamkutajiwa: almasi ya maabara. Hiyo ni almasi kwelikweli, kaboni ileile, ugumu uleule, mwanga uleule. Kampuni ya General Electric ilifaulu kuitengeneza mwaka 1954, na teknolojia ya leo imefanya zile za vito zishuke bei sana ukilinganisha na za ardhini. Kwa macho haitofautiki, wala kile kikalamu cha kupima joto ambacho masonara hukitumia hakitaitenga. Inataka mashine za maabara. Kwa hiyo cheti ndicho kinachosema, pamoja na maandishi madogo yanayochongwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe. Maoni yangu ni haya: ikiwa mnachotaka ni jiwe zuri la kuvaa maisha yote, na hamna hisia yoyote kuhusu lilikotoka, ichukueni kwa moyo mweupe. Ikiwa mnafikiria kuiuza siku moja, msiichukue, kwa kuwa bei yake imekuwa ikiteremka. Na hata almasi ya ardhini, ukiirudisha sokoni, kwa kawaida hupati ulichotoa. Akiba ya fedha iwekeni mahali pengine.

Tanzanaiti naipenda kuliko nitakavyoweza kuandika. Iligunduliwa mwaka 1967 kwenye vilima vya Mererani, Tanzania, na haichimbwi kibiashara mahali pengine popote duniani. Ukiizungusha, bluu inageuka zambarau mkononi mwako. Lakini kwa pete ya uchumba, ya kuvaliwa asubuhi hadi usiku, nakushauri usiichukue, na nitakueleza kwa nini.

Niliwahi kuletewa pete ya tanzanaiti iliyokuwa imevaliwa kila siku kwa miaka minne. Mwenyewe aliamini kwamba jiwe lake limebadilishwa alipoipeleka kusafishwa, maana halikuwa na ile bluu tena. Niliweka chini ya kioo. Meza ya jiwe ilikuwa na utando wa mikwaruzo midogo iliyopishana kama nyuzi za chandarua, na kona moja ilikuwa imemeguka, mmeguko laini na bapa. Jiwe lilikuwa lakelake, hakuna aliyemwibia. Kilicholila ni vumbi. Vumbi la kila nyumba lina chembe za kwatzi, na kwatzi ina ugumu wa 7. Tanzanaiti ni kati ya 6 na 7. Kila alipofuta meza ya chakula, kila alipoingiza mkono mfukoni, kulikuwa na msasa mwembamba unapita juu ya jiwe lake. Alipokubali lisuguliwe upya, bluu ilirudi kama ilivyokuwa, ila jiwe lilitoka dogo kidogo.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata mwenyewe: kidoleni kwa kila siku, jiwe la ugumu wa 8 kwenda juu. Yakuti samawi na rubi ziko 9. Spineli iko 8, na hiyo ndiyo ninayomtajia kila mwenye fedha kidogo na macho mazuri: inapatikana nyekundu, waridi, bluu, kijivu cha moshi, mara nyingi bila kupikwa wala kutiwa chochote. Kwa karne nyingi ilidhaniwa kuwa rubi. Ile "rubi" kubwa iliyo mbele ya taji la kifalme la Uingereza ni spineli. Ganeti nyekundu na ametisti zinakaa kwenye 7, hivi. Zitavumilia pete ya kuvaa mara mojamoja. Opali, lulu, feruzi na tanzanaiti zipelekeni masikioni au shingoni. Zumaridi ni ngumu vya kutosha, lakini mwili wake umejaa nyufa za asili ambazo kwa kawaida hujazwa mafuta ili zisionekane, kwa hiyo inataka mkono mwangalifu na isiingizwe kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo.

Mawe ya rangi yana swali moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: limefanyiwa nini? Kupikwa kwa joto si aibu. Karibu tanzanaiti yote imepikwa, yakuti samawi nyingi pia, na rangi inayopatikana hubaki. Topazi ya bluu nzito karibu yote imepigwa mionzi kisha ikapikwa, na ni salama kuivaa. Linaloniudhi ni rubi zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi. Ni mawe yaliyopasukapasuka ambayo nyufa zake zimezibwa kwa kioo mpaka yanaonekana mazima na mekundu. Hata maji ya limau yanaweza kukila kioo hicho, na sonara akiipasha pete moto ili kuirekebisha, jiwe linaharibika mbele yake. Rubi kubwa, nyekundu, safi na rahisi ni mojawapo ya haya, au imetengenezwa. Rubi za kutengeneza zimekuwepo sokoni tangu Auguste Verneuil, mkemia wa Ufaransa, atangaze njia yake mwaka 1902. Ukikuza unaweza kuona viputo vya hewa. Mwambieni muuzaji aandike kwenye risiti: jina la madini, la asili au la kutengeneza, na limefanyiwa nini. Akisita kuandika alichokisema kwa mdomo, ondokeni.

Muwe macho pia na majina yaliyobebeshwa ukubwa. "Almasi ya Herkimer" ni kwatzi. "Rubi ya Cape" ni ganeti. Ni mawe mazuri kwa majina yake yenyewe na kwa bei zake yenyewe.

Ukataji wa mawe ya rangi mnaweza kuupima bila chombo chochote. Wekeni jiwe juu ya maandishi, meza ikitazama juu, na mchungulie katikati. Mkisoma neno kama mnasoma kupitia dirisha, rangi inavuja pale na jiwe litaonekana limepauka likivaliwa.

Kuhusu cheti cha almasi. Karatasi iliyoandikwa na muuzaji ikitaja thamani ya jiwe si cheti cha maabara. Hiyo ni makadirio yake. Cheti cha maabara kama GIA, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1931, hueleza jiwe na hakitaji bei. Kina namba, na namba hiyo mnaweza kuiangalia kwenye tovuti ya maabara yenyewe mkiwa hapohapo dukani. Kisha ombeni kioo cha kukuzia msome namba iliyochongwa ukingoni mwa jiwe, kama ipo. Ile mbinu ya kulipulizia jiwe pumzi na kutazama ukungu unavyotoweka haraka ni kweli kwa almasi, lakini ni kweli pia kwa moisanaiti, kwa hiyo itawakamatia kioo na zirkonia tu.

Basi, kwa hali yenu: chukueni ya 0.90, mkishaona kwamba cheti kinakubaliana na macho yenu. Waombeni kucha sita za kushikilia jiwe badala ya nne. Kucha moja ikikatika, tano zitabaki kazini. Zile fedha mlizookoa kwa kuacha namba 1.00 zinaweza kununua hereni, na hapo ndipo namrudishia sonara wa tatu haki yake: tanzanaiti mbili ndogo, zilizooanishwa rangi. Zitazameni kwenye mwanga wa dirisha na kwenye taa ya manjano, kwa sababu bluu ya mchana inaweza kuwa zambarau usiku, na jozi iliyolingana mchana inaweza isilingane jioni.

Na pete ikishafika nyumbani, msishangae ikififia baada ya wiki mbili. Almasi hukataa maji na hung'ang'ania mafuta. Migodini zamani zilinaswa kwa meza zilizopakwa grisi, kokoto nyingine zikipita na maji. Mafuta ya kujipaka na sabuni ya mkono huganda kwenye kitako na kuziba mwanga. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, sugueni kwa chini, nyuma ya jiwe. Hereni za tanzanaiti zifuteni kwa kitambaa laini chenye unyevu, bila maji ya moto, kwani mabadiliko ya ghafla ya joto yanaweza kuzipasua. Na kabla ya kuanza, zibeni tundu la sinki.